Watu sita wanaosahau, kifaa kimoja: somo la Toronto kwa wanaotengeneza teknolojia ya walemavu

Mtu amesimama kando ya barabara, katikati ya mji. Anajua jina lake. Anakumbuka nyumba alikokulia, anajua kusoma na kuhesabu pesa. Lakini hajui amefikaje pale, wala ametoka nyumbani kwa kazi gani. Akiuliza mpita njia, ataambiwa jina la barabara tu. Sababu ya safari alikuwa nayo yeye peke yake, na sasa imemtoka kichwani.

Ndivyo wanavyoishi watu wenye hali ambayo madaktari wanaiita amnesia. Ubongo wao uliumia, kwa ajali, kwa ugonjwa au kwa upasuaji, na tangu siku hiyo hawawezi tena kuweka kumbukumbu mpya. Ya zamani wanayo. Ya jana, au hata ya asubuhi, yanapotea.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000, mjini Toronto nchini Kanada, watu sita wa namna hiyo waliketi meza moja na watafiti wa kompyuta ili kutengeneza kifaa cha kuwasaidia wakati wanapojikuta wamepotea. Waliingia katika timu kama wabunifu, wenye sauti juu ya kifaa kiweje na kifanye nini. Watafiti Mike Wu, Brian Richards na Ron Baecker walieleza kazi hiyo mbele ya wataalamu wenzao mwaka 2004 na mwaka 2005. Tangu wakati huo imebaki mfano unaotajwa kila mara swali hili linapoulizwa: je, mtu ambaye kumbukumbu yake imeharibika anaweza kushiriki kutengeneza kifaa chake mwenyewe?

Jibu la Toronto lilikuwa ndiyo. Ila kuna sharti: namna ya kufanya kikao lazima ibadilike kwanza.

Kichwa kinasahau, mkono unakumbuka

Ili kuelewa kwa nini jambo hilo liliwezekana, inafaa kurudi nyuma hadi mwaka 1953. Mwaka huo, nchini Marekani, kijana wa miaka 27 aliyeitwa Henry Molaison alifanyiwa upasuaji wa ubongo kwa sababu ya kifafa kikali. Kifafa kilipungua, lakini kijana huyo hakuweza tena kukumbuka mambo mapya. Watu aliokutana nao kila siku walikuwa kwake wageni kila siku. Kwa miaka mingi vitabu vya sayansi vilimtaja kwa herufi mbili tu, H.M., na jina lake kamili lilitangazwa baada ya kifo chake mwaka 2008.

Mtaalamu Brenda Milner, aliyefanya kazi mjini Montreal, alimpa zoezi la kuchora nyota akitazama mkono wake kwenye kioo tu. Ni kazi ngumu kwa yeyote, kwa sababu kioo kinageuza kila kitu. Siku baada ya siku, mchoro wa Molaison ulizidi kuwa mzuri. Lakini kila alipoketi kuchora, yeye alikuwa na hakika kwamba hajawahi kufanya zoezi hilo.

Zoezi hilo lilionyesha kwamba kumbukumbu si kitu kimoja. Kuna kumbukumbu ya matukio: nani alikuja, tulisema nini, tulikubaliana wapi. Kuna pia kumbukumbu ya ustadi, ile inayomfanya mtu apande baiskeli bila kukumbuka siku aliyojifunza. Ya kwanza inaweza kuharibika na ya pili ikabaki nzima.

Katika kituo cha afya cha Baycrest mjini Toronto, programu inayoitwa Memory-Link ilijengwa juu ya msingi huo. Wagonjwa wenye amnesia wanafundishwa kutumia kalenda ya elektroniki hatua kwa hatua, kwa kurudiarudia, mpaka vidole vyenyewe vinajua pa kubonyeza. Huenda mtu asikumbuke kwamba alifundishwa. Lakini akipewa mashine, anaitumia. Watafiti wa kompyuta walifanya kazi na watu wa mazingira hayo.

Kikao ambacho kwa wengine ni cha kwanza kila mara

Kutengeneza teknolojia pamoja na wale watakaoitumia si wazo jipya. Lilianza katika nchi za Skandinavia miaka ya 1970, pale vyama vya wafanyakazi vilipodai kuwa na sauti juu ya kompyuta zilizokuwa zinaingizwa viwandani. Hoja yao ilikuwa rahisi: anayefanya kazi kila siku anaijua kazi hiyo kuliko mhandisi anayeitazama kutoka ofisini.

Tatizo ni kwamba njia hiyo inategemea kumbukumbu kwa kila hatua. Leo watu wanajadili, wiki ijayo wanaendelea pale walipoishia, mwezi unaofuata wanalinganisha michoro mitatu na kuchagua mmoja. Mtu mwenye amnesia akirudi wiki ijayo hajui kama kulikuwa na kikao kilichopita. Hajui wale walioketi naye ni nani. Hakumbuki kama wazo linalosifiwa mezani ni lake.

Kwa sababu hiyo, watengenezaji wengi walichukua njia ya mkato. Waliuliza mke, mume, watoto au muuguzi. Mgonjwa mwenyewe aliletwa mwishoni, kifaa kikiwa tayari, ili apimwe kama anakiweza.

Timu ya Toronto ilipanga upya kikao chenyewe. Mikutano iliwekewa mpangilio unaofanana, ili anayeingia asipotezwe na mambo mapya mengi kwa wakati mmoja. Yaliyofanyika awali yalipitiwa upya kabla ya kuendelea mbele. Kile ambacho kichwa hakiwezi kubeba kilibebwa na chumba: kiliandikwa na kuwekwa mahali ambapo kila mmoja angeweza kukiona. Anayepoteza njia katikati ya mazungumzo alikuwa na pa kutazama bila kuona aibu ya kuuliza.

Yeyote aliyewahi kuongoza mkutano wa kijiji, wa ushirika au wa kanisa atatambua kwamba hakuna ajabu katika mambo hayo. Ni kumbukumbu za mkutano zinazosomwa kwa sauti, na ubao ulioandikwa kwa herufi kubwa. Tofauti ni kwamba pale Toronto vitu hivyo ndivyo vilivyoamua kama watu sita watakuwa wabunifu kweli au majina tu kwenye orodha.

Swali la kifaa lilitoka kwao

Kwa asiye na tatizo hilo, kifaa cha kumsaidia anayesahau ni kengele ya kumkumbusha saa: saa nne dawa, saa nane daktari. Kengele hizo zina faida. Lakini hazimsaidii mtu aliyesimama barabarani bila kujua kwa nini yupo pale. Kwa mtu huyo, saa si tatizo. Amepoteza kusudi.

Kutokana na kazi ya pamoja, timu ilitengeneza programu iliyoitwa OrientingTool, iliyowekwa ndani ya kompyuta ndogo za mkononi zilizotumika wakati huo, kabla simu za kisasa hazijaenea. Mtu akihisi amepotea au amechanganyikiwa, programu inampa habari mbili: yuko wapi na alikuja pale kwa sababu gani.

Watafiti waliijaribu katika maisha ya kawaida, kwa uchunguzi wa aina mbili. Matokeo yao yalionyesha kwamba kifaa kinaweza kumwongezea mtu mwenye amnesia uwezo wa kujitegemea, na pia kujiamini anapokutana na hali ya kupotea. Neno kujiamini lina uzito hapa. Mtu anayeogopa kupotea mara nyingi huacha kutoka. Anayeacha kutoka anapoteza marafiki, kazi na soko. Baada ya muda, nyumba inakuwa gereza ambalo hakuna aliyelijenga kwa makusudi.

Lakini watu sita ni wachache, na watafiti wenyewe hawakudai kwamba wamepata dawa ya amnesia. Walichosema ni kwamba njia ya kushirikiana inaweza kuzaa matunda hata na watu wenye ulemavu mkubwa wa kumbukumbu.

Usalama wa nani, uhuru wa nani?

Nchini Uingereza, kazi nyingine iligusa swali lililo gumu zaidi. Mradi ulioitwa KITE, uliochapishwa mwaka 2009 na timu ya Louise Robinson wa Chuo Kikuu cha Newcastle, ulikusanya watu wenye dimensia, yaani ugonjwa wa ubongo unaoondoa kumbukumbu na ufahamu polepole, pamoja na ndugu wanaowatunza.

Katika familia nyingi mambo huenda hivi. Mzee anatoka kutembea, anachelewa, watoto wanaingiwa na hofu. Suluhisho la haraka ni kufunga mlango. Suluhisho la kisasa ni kumvalisha mzee kifaa kinachoonyesha mahali alipo, awe anajua au hajui. Katika hali zote mbili, anayetunzwa hakuulizwa.

Wenye dimensia walipoulizwa, walizungumzia mambo waliyoyapenda na ambayo hawakutaka yakome. Walitaka mawasiliano ya pande mbili: wao pia waweze kumwita ndugu, isiwe ndugu tu anayewatazama kutoka mbali. Walitaka kifaa kinachobadilika kulingana na mapendeleo ya kila mmoja na hatua ya ugonjwa wake. Vikatokea vielelezo viwili, kimoja cha kuvaa mkononi na kingine chenye umbo la daftari la elektroniki.

Tofauti kati ya kifaa cha kumfuatilia mtu na kifaa ambacho mtu anakitumia kuwasiliana inaweza kuonekana ndogo kwa fundi, kwa sababu ndani yake mitambo inafanana. Kwa anayekivaa, kimoja kinamfanya mfungwa na kingine kinamfanya msafiri.

Pale maneno yanapokataa

Kuna wanaokumbuka vizuri ila maneno hayatoki. Baada ya kiharusi, ambacho wengi Goma na Bukavu wanakiita AVC, mgonjwa anaweza kubaki na afasia: anajua anachotaka kusema lakini ulimi hauleti neno, au anasikia maneno na hayaunganishi vizuri. Mtu wa namna hiyo atashirikije katika kikao, wakati kikao chote ni maneno?

Katika Chuo Kikuu cha City mjini London, timu iliyotengeneza mahali pa kidijitali panapoitwa EVA Park ilifanya kazi na washauri watano wenye afasia. Badala ya kuwaomba waeleze mawazo yao kwa hotuba, iliwapa vitu vya kushika, kupanga na kuonyesha. EVA Park ni kisiwa cha kwenye kompyuta ambamo watu wenye afasia wanakutana na kufanya mazoezi ya mazungumzo ya kila siku. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 ulifuata watu 20 waliokitumia kwa wiki tano, na mawasiliano yao ya kila siku yaliboreka.

Hapo pia somo ni lile la Toronto. Kama njia ya kushiriki inadai kitu ambacho mtu amekipoteza, njia ndiyo inayopaswa kubadilika.

Mwaka 2021 shirika la W3C, linaloweka kanuni za intaneti duniani, lilitoa mwongozo kuhusu kurasa na programu zinazofaa watu wenye ulemavu wa ufahamu na wa kujifunza. Miongoni mwa mapendekezo yake ni kuwaingiza watu hao katika utafiti, katika usanifu na katika majaribio.

Kwa nini jambo hili linaihusu Kivu

Mtu anaweza kusema kwamba haya ni mambo ya Toronto na London, kwenye umeme usiokatika na hospitali zenye watafiti. Lakini sababu zinazoharibu kumbukumbu na ufahamu ziko mashariki mwa DRC pia: malaria inayopanda kichwani, kiharusi, ajali za pikipiki, majeraha ya vita, uzee. Dimensia peke yake, kulingana na Shirika la Afya Duniani OMS, inagusa zaidi ya watu milioni 55 duniani, na zaidi ya asilimia 60 kati yao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati.

Ripoti ya OMS na UNICEF ya mwaka 2022 ilisema kwamba zaidi ya watu bilioni 2.5 duniani wanahitaji angalau kifaa saidizi kimoja, iwe miwani, kiti cha magurudumu au programu ya mawasiliano, na kwamba karibu bilioni moja kati yao hawakipati. Katika baadhi ya nchi maskini, wanaovipata ni asilimia 3 tu ya wanaovihitaji.

Watu wakisikia neno kifaa saidizi, wengi wanafikiria gongo na kiti cha magurudumu. Lakini orodha ya OMS ya mwaka 2016 yenye vifaa 50 vya kupewa kipaumbele inataja pia vile vya kumbukumbu na mawasiliano: kisanduku cha dawa chenye vyumba vya siku, ubao wa picha kwa asiyeweza kusema, simu iliyorahisishwa. Baadhi ya hivyo fundi seremala au mchoraji wa mtaani anaweza kuvitengeneza bila kungoja mzigo kutoka ng'ambo.

Sheria nayo ipo. Katiba ya mwaka 2006, katika kifungu cha 49, inampa mzee na mtu mwenye ulemavu haki ya hatua maalum za ulinzi zinazolingana na mahitaji yake ya mwili, ya akili na ya maadili. Mwaka 2015 nchi ilijiunga na Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu haki za watu wenye ulemavu, ambao katika kifungu cha 4 unazitaka serikali kuwashauri kwa karibu watu hao, kupitia mashirika yao, katika maamuzi yanayowahusu. Tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatoka sheria ya nchi, nambari 22/003, ya kulinda na kuendeleza haki za mtu anayeishi na ulemavu.

Ila hata ndani ya harakati za walemavu, anayesahau hukaa nyuma. Asiyeona anasimama na kusema. Asiyesikia anasema kwa ishara, akipata mkalimani. Mwenye ulemavu wa ufahamu husemewa na mama yake, na watu wanaona ndivyo inavyopaswa. Mara nyingine hali ni mbaya zaidi: mzee anayeanza kusema mambo yasiyoeleweka au kutanga usiku huitwa mchawi, na mtoto ambaye hakuendelea kama wenzake hufichwa ndani. Kwa mtu kama huyo, kuulizwa anachotaka ni badiliko kubwa kabla hata kifaa hakijatengenezwa.

Maswali ya kuuliza kabla ya kufungua kompyuta

Kwa vijana wa Goma, Bukavu, Butembo au Bunia wanaotengeneza programu za simu, na kwa mashirika yanayoandika miradi ya walemavu, mifano ya Toronto, Newcastle na London inaacha maswali machache yanayoshikika.

La kwanza: mwenye shida yuko chumbani tangu siku ya kwanza, au ataitwa siku ya kupiga picha? Mtunzaji ana mengi ya kusema, na lazima asikilizwe, lakini anasema shida zake. Mama anayeogopa mwanawe atapotea na mwana anayetaka kwenda sokoni peke yake hawaombi kifaa kimoja.

La pili: kikao kimepangwa kwa ajili ya nani? Kikao kifupi, mahali palepale, nyuso zilezile, picha na vitu mezani, na muhtasari wa yaliyopita mwanzoni, havigharimu dola nyingi. Na kwa asiyesoma, sauti iliyorekodiwa kwa Kiswahili, Kinande au Mashi inafanya kazi ya karatasi ya ukutani.

La tatu: ridhaa imeombwa mara ngapi? Mtu aliyesema ndiyo wiki iliyopita na hakumbuki hawezi kuhesabiwa kuwa amekubali leo. Anaulizwa tena, kwa maneno mepesi, na akikataa siku hiyo, inatosha.

La nne: kifaa kitabaki na nani mradi ukiisha? Mtu mwenye amnesia anajifunza kwa kurudiarudia kwa muda mrefu. Kumfundisha kifaa mpaka vidole vimekizoea, kisha kukichukua kwa sababu ufadhili umekwisha, ni kumwondolea kumbukumbu mara ya pili.

Maswali hayo hayangoji sheria nyingine wala mashine mpya. Yanangoja anayepanga kiti akumbuke kuweka kimoja zaidi.

Kwa wale sita wa Toronto, hali yao yenyewe ilimaanisha kwamba siku walizokaa pale wakibishana juu ya kifaa haziwezi kubaki kichwani mwao kama zinavyobaki kwa wengine. Maamuzi yao hayakupotea. Yalibaki ndani ya kifaa: kila alichomwambia mtu aliyesimama barabarani bila kujua aendako, kilitokana na kazi ya watu waliowahi kusimama mahali kama pale.